Namna ya kulinganisha ekskaveta mbili bila kudanganywa na namba: mwongozo kamili

Kila mara napokea picha ya namna moja kwenye simu: karatasi mbili za mashine ziko mezani, kidole kimewekwa kwenye mstari mmoja, na swali chini yake. "Kaka, hii ina baketi ya 1.0 na ile ya 0.9, nichukue hii, siyo?" Wengi wanapouliza wameshatoa advansi.

Kosa ni lile lile. Namba mbili zinapambanishwa wakati kila moja imepimwa kwa kanuni yake. Uzito, nguvu, ujazo, kina: kila kipimo cha mashine ya kuchimbia kina masharti yake, na masharti hayo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni au chini ya jedwali. Asiyeyasoma anakuwa kama mtu anayelinganisha gunia la mfuto na gunia la lumbesa kwa kuhesabu magunia.

Nitatumia ekskaveta ya cheni ya daraja la tani 20, kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa zaidi, iwe ni kwa lambo, msingi wa ghala au mtaro. Ukishaielewa hiyo, loda na tingatinga hazitakupa shida.

## Andaa hivi kwanza

- Karatasi ya vipimo ya kila mashine, toleo lile lile la mashine utakayopewa
- Picha ya kibao cha namba kilichogongwa kwenye bodi
- Futi ya kupimia ya mita 5, na ya mita 30 ukiipata
- Ndoo ya lita 20, ubao ulionyooka wa mita 2, na mchanga
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- Daftari

Kwenye daftari chora safu nne: kipimo, mashine A, mashine B, na ya nne andika "kimepimwaje". Safu hii ya nne ndiyo kazi yenyewe. Namba isiyo na jibu kwenye safu hiyo izungushie duara, na usiitumie kuamua mpaka duara lifutike.

## Hatua ya 1: Hakikisha mashine ni ipi hasa

Mtaani kila kitu chenye cheni ni katapila. Kwenye karatasi jina ni sehemu tu ya habari. Caterpillar 320, 320C na 320D ni mashine tatu tofauti, na Komatsu PC200 hutofautiana na nyingine kwa tarakimu inayofuata kistari: PC200-6 si PC200-8. Muuzaji atakutumia karatasi ya toleo jipya kwa sababu ina picha nzuri, huku mashine iliyoko yadi ni ya zamani.

Kwa ekskaveta nyingi jina linadokeza daraja la uzito. PC200, 320 na EC210 ya Volvo zote zinazunguka tani 20 na kidogo. Usiipeleke kanuni hiyo kwenye tingatinga: D8 haina tani 8, inakaribia 40. Nimemwona mtu akiagiza trela kwa hesabu hiyo.

Soma kibao. Namba ya utambulisho kwenye mashine za kisasa ina herufi na tarakimu 17. Ilinganishe na ya kwenye nyaraka, moja baada ya nyingine. Kibao kikiwa kimeng'olewa au riveti zake ni mpya kuliko bodi, ishia hapo, hatua zinazofuata hazina maana.

## Hatua ya 2: Uzito wa kazi

Tafuta mstari ulioandikwa Operating Weight. Kwa kanuni ya ISO 6016 (ISO ni shirika la viwango la kimataifa), huu ni uzito wa mashine ikiwa na vifaa vyake, tangi la dizeli limejaa, mafuta ya haidroliki na maji kwenye alama zake, na opereta wa kilo 75 kwenye kiti.

Kanuni hiyo hiyo ina uzito mwingine, wa kusafirishia. Huo hauna opereta, na dizeli ni asilimia 10 tu ya tangi. Tangi la lita 400 likijaa lina kilo 335 hivi za dizeli, kwa hiyo mashine moja inaweza kuandikwa uzito mbili bila yeyote kusema uongo.

Tofauti kubwa zaidi huletwa na vifaa. Pedi za cheni, yaani bamba zinazokanyaga ardhi, za sentimita 80 ni nzito kuliko za 60, na bumu (mkono mkubwa unaotoka kwenye bodi) ndefu ni nzito kuliko ya kawaida. Angalia chini ya jedwali: uzito umetolewa kwa stiki gani (mkono wa pili, kati ya bumu na baketi), baketi gani na pedi gani.

Tahadhari: unapopanga lobedi, trela la kubebea mashine, tumia uzito wa mashine kama itakavyopanda, pamoja na baketi ya akiba utakayoitupia nyuma. Kwa sheria ya Afrika Mashariki gari lenye ekseli 7 halizidi tani 56 kwa jumla, na kwenye mizani hawasomi karatasi yako.

## Hatua ya 3: Nguvu ya injini

Hapa pita haraka, lakini jibu maswali mawili.

La kwanza: ni Gross au Net? Gross ni nguvu ya injini ikiwa mezani, haijafungwa mizigo yake. Net, kwa kanuni kama ISO 9249 au SAE J1349 (SAE ni chama cha wahandisi cha Marekani), ni baada ya feni, alteneta, ekzosi na vinginevyo kuchukua fungu lao. Linganisha Net na Net.

La pili: farasi gani? Nguvu ya farasi ya Kiingereza ni kilowati 0.746, ile ya mfumo wa metriki, inayoandikwa PS, ni 0.7355. Geuza zote ziwe kilowati na ugomvi utaisha. Farasi 150 za Kiingereza ni kilowati 112, PS 150 ni kilowati 110.

Binafsi sijawahi kuchagua ekskaveta kwa injini. Inayochimba ni pampu ya haidroliki, na tofauti ya kilowati tatu huioni shimoni.

## Hatua ya 4: Ujazo wa baketi

Hapa ndipo pesa inapopotelea, kwa hiyo keti.

Baketi ina ujazo wa aina mbili. Wa mfuto, ambao karatasi huuita Struck, ni ujazo wa baketi ikiwa imesawazishwa kwa ubao kwenye ukingo. Wa kilele, unaoitwa Heaped, unaongeza mlima wa udongo unaobaki juu. Wauzaji karibu wote wanaandika wa kilele, na hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba kilele nacho kina kanuni mbili.

Kanuni ya ISO kwa ekskaveta inahesabu mlima wenye mwinuko wa moja kwa moja: kila mita ya kwenda mbele, mita moja ya kupanda. Kanuni ya CECE, ya watengenezaji wa Ulaya, inahesabu mlima uliolala zaidi, mita mbili za kwenda mbele kwa mita moja ya kupanda. Maana yake kilele cha CECE ni nusu kamili ya kilele cha ISO kwa baketi ile ile.

Nilijifunza hili kwa kuumia. Nilikuwa na kazi ya lambo nje kidogo ya Dodoma, na bei mbili mkononi. Karatasi ya mashine A ilisema baketi ya mita za ujazo 1.00, ya B ilisema 0.90. Nikachukua A, nikajiona mjanja. Siku ya tatu vijana walikuwa hawana kazi wakisubiri dizeli, nikawaambia tuijaze baketi mchanga kwa ndoo. Opereta akailaza wazi juu, tukamimina ndoo za lita 20 huku mmoja akipitisha ubao ukingoni. Ndoo 37. Sawa na mita za ujazo 0.74.

Mashine B ilikuwa ikifanya kazi kwa jirani, mwendo wa dakika kumi. Tukaenda na ndoo yetu. Iliingia 38 na nusu, yaani 0.77.

Hesabu ikaja hivi:

- A: mfuto 0.74, kilele cha ISO 0.26, jumla 1.00
- B: mfuto 0.77, kilele cha CECE 0.13, jumla 0.90
- B kwa kanuni ya A: 0.77 na 0.26, jumla 1.03

Baketi "ndogo" ndiyo iliyokuwa kubwa. Hakuna aliyenidanganya. Karatasi zote mbili zilisema kweli, mimi ndiye sikusoma herufi zile nne pembeni ya namba.

Fanya hivi:

1. Tafuta neno ISO, SAE au CECE karibu na ujazo. SAE kwa baketi ya ekskaveta inafuata mwinuko ule ule wa ISO.
2. Namba mbili zikiwa na kanuni tofauti, tafuta ujazo wa mfuto wa kila moja. Tofauti ya kilele na mfuto ndiyo mlima, uupunguze nusu au uuzidishe mara mbili.
3. Kanuni isipoandikwa, tumia ndoo. Inachukua nusu saa, na inakuambia pia kama baketi ilibadilishwa, jambo la kawaida kwa mashine iliyotumika.

Tahadhari: usiichukue kanuni hii kwenye loda. Baketi ya loda hupimwa kilele cha mbili kwa moja hata kwenye ISO, na bodi ya tipa vivyo hivyo. Ukitaka kujua baketi ngapi za ekskaveta zinajaza tipa, namba za karatasi hazitakutana.

Na kubwa si bora daima. Baketi pana hutengenezwa kwa udongo mwepesi. Karatasi nzuri husema uzito wa udongo ambao baketi inaruhusiwa kubeba, kwa tani kwa mita ya ujazo. Mchanga uliolowa unaweza kufika tani 2. Kuingiza baketi ya mboji kwenye mchanga wa mtoni ni kuichosha bumu.

Umeimaliza hatua hii ukiwa na namba mbili za baketi zilizoandikwa kwa kanuni moja, bila duara.

## Hatua ya 5: Kina na ufikio

Muulize mwenye mashine inachimba kina gani, atakutajia kubwa kuliko zote. Kwa tani 20 yenye stiki ya mita 2.9 ni kama mita 6.6 hivi. Hiyo ni ncha ya jino ikigusa sehemu moja tu, huku bumu imelala mpaka mwisho.

Shimo lako halina umbo la ncha. Karatasi ina mstari wa pili: kina chenye sakafu bapa ya mita 2.44. Hicho hupungua kama sentimita 15 hadi 20. Mstari wa tatu ni kina cha ukuta wima, nacho hupungua zaidi. Kwa shimo la maji taka au tangi la chini, huo wa tatu ndio wako.

Halafu pima stiki. Shika futi, toka pini ya juu hadi pini ya baketi. Stiki fupi ya mita 2.4 inapoteza karibu nusu mita ya kina, ila inavuta kwa nguvu zaidi. Wengi hukodi kwa karatasi ya stiki ndefu na kuletewa fupi, na hugundua wakiwa mita 6 chini, jino linapapasa hewa.

## Hatua ya 6: Nguvu ya kung'oa

Hii ni nguvu ya jino la baketi kwenye udongo, kwa kilonyutoni. Ni muhimu kwenye moramu iliyokauka na kwenye miamba iliyooza, si kwenye mchanga.

Kanuni ni mbili, ISO 6015 na SAE J1179, na ya ISO hutoa namba kubwa kwa mashine ile ile, mara nyingi kwa zaidi ya asilimia 10. Angalia pia kama imepimwa kitufe cha kuongeza presha kikiwa kimebonyezwa. Kitufe hicho hufanya kazi kwa sekunde chache, huwezi kuchimba nacho kutwa nzima.

## Hatua ya 7: Kunyanyua, kama utanyanyua

Ukitaka mashine ishushe makalavati ya zege, usiulize "inanyanyua tani ngapi". Hakuna jibu moja. Fungua jedwali la kunyanyua.

Safu za jedwali ni umbali kutoka katikati ya mzunguko wa mashine, mistari ni urefu kutoka ardhini. Kila chumba kina namba mbili: mkono ukiwa mbele ya cheni, na mkono ukiwa ubavuni. Ya ubavuni ni ndogo, na ndiyo utakayoihitaji, kwa sababu ukisimama kando ya mtaro unageuka.

Kwa ISO 10567 namba hizo zimekwisha kupunguzwa: hazizidi asilimia 75 ya mzigo unaoiangusha mashine, wala asilimia 87 ya uwezo wa haidroliki, ipi iwe ndogo. Palipo na nyota, kikomo ni haidroliki, mashine itashindwa kuinua kabla ya kuinuka nyuma. Pasipo na nyota, kikomo ni kuanguka.

Tahadhari kubwa: jedwali linadhani ardhi ni ngumu na bapa. Ukingo wa mtaro uliolowa si mgumu wala si bapa. Soma pia kama baketi imeshatolewa kwenye hesabu. Kama haijatolewa, punguza uzito wake, mnyororo na ndoano kabla ya kufunga kalavati. Na asisimame mtu kati ya mzigo na ukuta wa mtaro, hata opereta awe ndugu yako.

## Hatua ya 8: Shinikizo ardhini

Ruka hatua hii kama unafanya kazi kwenye moramu. Kwenye majaruba ya mpunga au udongo mweusi wa mfinyanzi, iweke mbele ya zote.

Gawanya uzito kwa eneo la cheni zote mbili lililogusa ardhi. Tuseme mashine ni kilo 21,000, pedi sentimita 60, cheni inagusa mita 3.5:

2 × 0.6 × 3.5 = mita za mraba 4.2
21,000 ÷ 4.2 = kilo 5,000 kwa mita ya mraba, karibu kilopaskali 49

Pedi za sentimita 80 zinashusha hadi kilopaskali 37 hivi, hata kama uzito unapanda kidogo. Hiyo ndiyo tofauti ya mashine inayotembea na mashine inayoitiwa mashine nyingine kuja kuivuta. Pima pedi kwa futi, usiamini karatasi, kwani pedi hubadilishwa.

## Hatua ya 9: Geuza vyote kuwa bei ya mita moja ya ujazo

Sasa weka karatasi chini na uende mashine inapofanya kazi.

Hesabu mizunguko kumi kwa simu: anza jino linapogusa udongo, malizia linapogusa tena mara ya kumi na moja, gawanya kwa kumi. Opereta akijua unampima atakimbia, kwa hiyo pima tena baada ya chai.

Kisha kumbuka udongo hufura. Ulio ardhini ukichimbwa unaongezeka: udongo wa kawaida karibu robo, mchanga mkavu kama asilimia 12, mwamba uliovunjwa kama basalti karibu nusu. Baketi inapima udongo uliofura. Lambo lako linapimwa udongo uliolala.

Hesabu yenyewe: ujazo wa baketi × mizunguko kwa saa × 0.83 ÷ 1.25. Ile 0.83 ni dakika 50 za kazi ndani ya saa 60, zinazobaki ni kusogea, kusubiri tipa na kupokea simu. Kwenye mfinyanzi mgumu baketi haijai, zidisha tena kwa 0.85 hivi.

Tuseme A ni ya sh 120,000 kwa saa na mzunguko wa sekunde 24, B ni sh 135,000 na sekunde 20:

- A: 1.00 × 150 × 0.83 ÷ 1.25 = mita za ujazo 100 kwa saa, sh 1,200 kila mita
- B: 1.03 × 180 × 0.83 ÷ 1.25 = mita za ujazo 123 kwa saa, karibu sh 1,100 kila mita

Kwa lambo la mita za ujazo 3,000, A inamaliza kwa saa 30 na sh 3,600,000. B inamaliza kwa saa 24 na nusu, karibu sh 3,300,000. Mashine ya bei ya chini imekuzidishia laki tatu, bado hujahesabu dizeli ya saa tano na nusu za ziada kama umekodi bila mafuta.

Mita 3,000 hizo zikipanda kwenye tipa ni 3,750. Kwa tipa la mita 15 ni safari 250. Aliyepanga safari 200 ataniambia madereva wanamwibia.

## Kabla ya kusaini

Andika kwenye mkataba vitu hivi kwa maneno: toleo la mashine na namba ya kibao, urefu wa stiki, upana wa pedi, ujazo wa baketi pamoja na kanuni yake, na nani anaweka dizeli. Andika pia saa zinahesabiwa kwa mita ya mashine au kwa saa ya mkononi. Mita hutembea injini ikinguruma tu, hata opereta akiwa kivulini na simu, kwa hiyo piga picha ya mita asubuhi na jioni, kibao kikionekana kwenye picha hiyo hiyo.

Mashine ikifika, kabla haijashuka kwenye lobedi, pima stiki na pedi kwa futi. Ikishashuka, kuirudisha kutakugharimu wewe.